Betri za kigari cha gofu: maswali ninayoulizwa Dar es Salaam na majibu yake

Kazi yangu ni umeme wa vigari vya gofu. Vingi ninavyovishika hapa Dar havijawahi kukanyaga uwanja wa gofu: vinabeba wageni na mabegi kwenye hoteli za ufukweni, vinapokea maharusi kwenye kumbi, viwili vitatu vinazunguka mashambani huko Kigamboni. Wachezaji wenyewe, wale wa Gymkhana na Lugalo, ndio wachache.

Mtu akinipigia simu, mara nyingi betri zimeshakufa, na nikizifungua nakuta hazikuuawa na kazi. Zimekufa kwa kusubiri. Zilisubiri chaji, zilisubiri maji, zilisubiri mtu wa kukaza nati moja. Seti nzima ya betri ni pesa nyingi kuipoteza kwa sababu hiyo, ndiyo maana nimekaa nikaandika majibu haya. Nazungumzia betri za maji, zile zenye vifuniko vya kufungua, ndani yake plati za risasi na asidi. Betri kavu na lithiamu nimezigusa mwishoni.

Nichaji kila siku, au nisubiri hadi chaji ipungue?

Chaji kila siku uliyokitumia, jioni kinaporudi, hata kama kimezunguka nusu saa tu.

Sababu yake ni hii. Betri inapotoa umeme, plati zake hujivika sulfeti ya risasi. Mwanzoni ni chembe laini sana, na ukichaji mapema zinarudi zilikotoka: risasi inabaki kwenye plati, salfa inarudi kwenye asidi. Ukiiacha siku nne, wiki, mwezi, chembe zile hukua na kushikamana, kama sukari inavyoganda kwenye kopo wakati wa masika. Zikishakuwa fuwele ngumu, chaja haizivunji tena, na sehemu ile ya plati haifanyi kazi tena maisha yake yote. Betri iliyoachwa tupu mwezi mzima inaharibika zaidi kuliko iliyofanya kazi mwezi mzima na kuchajiwa kila usiku.

Mara moja kwa siku inatosha. Usichomeke na kuchomoa kila kigari kinapopumzika dakika ishirini.

Niliambiwa niimalize kabisa ndipo nichaji. Ni kweli?

Hapana. Ushauri huo ulikuwa wa betri za nikeli za simu na redio za zamani, ukahamishiwa huku kimakosa. Betri ya risasi inapenda kukaa imejaa. Jitahidi usiishushe chini ya nusu. Asilimia 20 iliyobaki ndiyo mwisho wa mwisho, ya siku ya dharura.

Inachukua saa ngapi, na itakula uniti ngapi za LUKU?

Ikiwa imeshuka hadi nusu, weka saa 8 hadi 10. Kigari cha volti 48 chenye betri sita za volti 8, kila moja ampia-saa 170, kinabeba kama uniti 8 za umeme. Ukitumia nusu umechukua 4, na kuzirudisha mita itakukata kama 6, kwa sababu umeme mwingine unapotea kwa joto la chaja na kwa mapovu ndani ya betri. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa wewe.

Kosa ninalolikuta sana ni kuchomoa mapema. Chaja ikifika saa ya sita, mtu anashika betri, anaona zina uvuguvugu na zinachemka kidogo, anasema zimejaa. Bado. Saa mbili tatu za mwisho ndizo zinazomalizia zile chembe nilizozieleza hapo juu, na ndizo zinazochanganya asidi iliyotuama chini na maji yaliyoko juu. Iache chaja ijizime yenyewe.

Nimenunua kigari kilichotumika kutoka Marekani, chaja yake nimeiunga kwenye transfoma ya kushusha umeme. Iko sawa?

Nijibu kwa urefu, maana swali hili limeua betri nyingi kuliko ajali zote.

Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60, hezi ikiwa ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Wa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma unayonunua Kariakoo inashusha volti tu. Hezi haizigusi. Zile chaja za zamani, nzito kama jiwe la kusagia, zinazovuma zikiwashwa, zimetengenezwa kwa kufuata hezi 60 kabisa. Ukizipa 50, volti inayotoka hupungua kwa kadiri ya moja ya sita. Chaja inavuma kama kawaida, mshale wake unacheza, inapata moto kuliko kawaida, na asubuhi kigari kinatembea. Ila betri hazijajaa hata siku moja.

Mwenye nyumba moja ya wageni aliniita vigari vyake viwili vilipoanza kuishiwa nguvu mchana. Betri zilikuwa na miezi minane tu. Nilikwenda saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya wageni kuamka, nikapima asidi kwenye seli zote, yaani vyumba vya ndani vya betri, kwa haidromita, kifaa kinachopima uzito wa asidi ukilinganishwa na maji. Zote zilisoma kati ya 1.215 na 1.225, ilhali betri iliyojaa husoma karibu 1.277. Yaani kila usiku kwa miezi minane zilikuwa zinalala na njaa. Tuliposafisha juu ya chaja, kibandiko kikaonekana: 60 Hz. Tulibadilisha chaja, seti moja ikarudi baada ya kusawazishwa mara kadhaa (kusawazisha nitakueleza mbele). Ya pili haikurudi.

Kwa hiyo soma kibandiko cha chaja kabla ya kitu kingine. Kikiwa kimeandikwa 100–240V, 50/60Hz, hiyo ni chaja ya kielektroniki. Badilisha plagi tu iwe ya pini tatu za kwetu zenye fyuzi, basi. Kikisema 120V na 60Hz peke yake, nunua chaja nyingine, hata kama hiyo ni nzima kabisa.

Umeme ukikatika katikati ya usiku, chaja inajua kuendelea?

Chaja nyingi za kisasa zinaanza upya umeme ukirudi, zinapima betri na kuendelea. Za zamani zenye saa ya kuzungusha kwa mkono zinatofautiana, kwa hiyo asubuhi usidhani, pima. Kama umeme ulikatika kwa muda wa saa nne, kigari hicho kipewe safari fupi siku hiyo na kiwahi kurudi kwenye chaja.

Kuna na suala la umeme kurudi kwa kishindo. Weka kile kifaa cha kulinda friji kati ya ukuta na chaja, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita. Chagua cha ampia 13, maana vile vidogo vya friji vinaungua. Na ukitumia waya wa kuongezea urefu, uwe mnene, milimita za mraba 2.5. Waya mwembamba unapata moto na kuipunguzia chaja nguvu, hasa jioni ambapo umeme wa mtaani wenyewe umeshapungua.

Na jenereta je?

Inafaa kama inashika hezi 50 bila kuyumba. Kwa chaja ya kielektroniki haina shida kubwa. Kwa ile nzito inayovuma, jenereta inayoyumba ni tatizo lilelile la hezi nililolieleza.

Niweke maji gani kwenye betri?

Maji yaliyotoneshwa. Hakuna mengine.

Najua utaniuliza moja moja, kwa hiyo nimalize hapa. Maji ya bomba yana klorini na madini. Ya kisima hapa Dar, hasa ukikaribia bahari, yana chumvi unayoionja kwa ulimi, na chumvi hiyo inakula plati. Maji ya chupa ya kunywa yana madini, mengine yameongezwa kwa makusudi ili yawe na ladha. Yaliyochemshwa yakapoozwa ni mabaya zaidi, kwa sababu mvuke umeondoka na madini yote yamebaki kwenye sufuria. Maji yaliyotoneshwa ni ule mvuke wenyewe uliokusanywa. Mvua ya paa imeosha vumbi, kutu na kinyesi cha ndege kabla haijafika kwenye ndoo yako.

Kuna na maji ya kiyoyozi. Wengi wanayakinga kwenye dumu chini ya bomba lile jembamba, na kwa kweli yanaonekana meupe pee. Asili yake ni mvuke, hapo hawajakosea. Lakini yamepita juu ya mapezi ya alumini na shaba, yamekusanya vumbi na ukungu wa mwezi mzima. Deki nayo utapiga vizuri. Betri usiinyweshe.

Angalizo la dukani: ukiomba "maji ya betri", baadhi ya wauzaji watakupa asidi. Mimi imenitokea, na chupa zilikuwa zimepangwa rafu moja. Soma lebo, na ukiwa huna uhakika usifungue. Betri inapokunywa, kinachopotea ni maji peke yake. Asidi inabaki ndani. Ukiongeza asidi juu ya asidi unakula plati, na hakuna namna ya kuirudisha nyuma.

Maji niongeze lini, na kiasi gani?

Baada ya kuchaji. Betri inapochajiwa asidi yake hupanda. Ukijaza kabla, itafurika kupitia vifuniko na utakuta sakafu imechimbika na chasisi imepata kutu. Isipokuwa jambo moja: ukifungua ukakuta plati ziko wazi, kavu, weka maji kwanza ya kuzifunika tu, chaji, kisha umalizie.

Ndani ya tundu kuna kishingo cha plastiki kinachoshuka. Jaza hadi milimita 3 hivi chini ya mdomo wa kile kishingo, si zaidi. Tumia tochi. Usitumie kiberiti wala simu iliyo kwenye chaji, na usiinamie tundu bila miwani ya kinga.

Kati ya Desemba na Machi, joto likiwa limetukalia, angalia kila wiki mbili. Miezi ya Juni hadi Agosti mara moja kwa mwezi inatosha. Betri zinazozeeka hunywa zaidi, na betri moja ikinywa kuliko wenzake katika seti, hiyo ndiyo ya kuishuku.

Plati iliyokauka huitambui kwa nje. Ukimulika ndani, badala ya kuona kioo cha maji kinachometa, unaona safu za kijivu zenye ukingo mweupe kama chokaa. Ule weupe ndio sehemu iliyokufa, na kuijaza maji baadaye hakuifufui.

Nitajuaje kwamba zimejaa kweli?

Kwa multimeta, ukiwa umezipumzisha. Zichomoe kwenye chaja, zikae saa sita au zaidi bila kuguswa, ndipo upime. Ukipima mara tu baada ya kuchaji utapata namba kubwa ya kukufurahisha bure.

Iliyojaa: betri ya volti 6 inasoma 6.37, ya volti 8 inasoma 8.49, ya volti 12 inasoma 12.73. Kigari cha volti 36 kizima ni 38.2, cha 48 ni 50.9. Ikifika nusu, ya 6 inasoma 6.05, ya 8 inasoma 8.07, ya 12 inasoma 12.10, na kigari cha 48 ni 48.4. Angalia ulivyo mfupi umbali kati ya kujaa na nusu: kigari kinachosoma 48.4 mtu anaona "si kiko juu ya 48", kumbe nusu imeshakwenda.

Haidromita inasema ukweli zaidi kwa sababu inapima seli moja moja. Vuta na kurudisha asidi mara mbili tatu kwanza, kisha soma. Usipime mara baada ya kuongeza maji, utasoma maji. Na kumbuka joto: kipimo kinalinganishwa na nyuzi 27. Kwa kila nyuzi 5.5 juu ya hapo, ongeza 0.004. Asidi ikiwa na nyuzi 38 na haidromita ikasoma 1.268, ukweli wake ni 1.276. Hiyo imejaa.

Multimeta inasema zimejaa, lakini kigari kinachoka njiani. Nani muongo?

Mzee mmoja anayeendesha kigari cha hoteli huko Kunduchi aliniuliza hivyo hivyo. Nilipomwamkia alisema, "Marahaba mwanangu, hizi betri zinanidanganya. Asubuhi zimejaa, kilimani nawaomba wageni washuke wasukume."

Betri zake sita za volti 8 zilikuwa zinasoma 8.4 na kidogo, zote, zikiwa zimepumzika. Nikafunga waya mbili ndefu kwenye betri ya kwanza, nikapitisha mita hadi kiti cha mbele, tukapakia watu wanne na kupanda kile kilima cha kutokea ufukweni. Tukarudi, nikahamisha waya kwenye ya pili. Mara sita. Tano kati yake zilishuka hadi 7.7 au 7.9 tukiwa tunapanda, hilo ni la kawaida. Ya nne ilianguka hadi 5.9, na tulipofika juu ikajirudisha 8.3 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikaifungua. Betri ya volti 8 ina seli nne. Tatu zilisoma 1.265, moja 1.120. Seli moja ndiyo iliyokuwa inashusha kigari kizima.

Kwa hiyo kipime kikiwa kinafanya kazi. Volti ya kupumzika inakuambia imejaa kiasi gani, haikuambii ina uwezo kiasi gani. Na msikilizeni dereva. Huyu mzee alisema tatizo miezi miwili kabla sijaitwa.

Basi ninunue hiyo moja tu?

Kama seti haijafika mwaka, ndiyo, ila iwe aina ileile, ampia-saa zilezile. Kama ni ya miaka mitatu, badilisha zote, au tafuta iliyotumika yenye umri unaokaribiana. Chaja haioni betri moja moja, inaona jumla. Changa na kongwe zikifungwa mstari mmoja, kongwe zinadanganya jumla, na changa inazeeka haraka kwa kuchajiwa vibaya kila usiku.

Nikifunga betri za gari, N70 nne, si volti 48 vilevile?

Volti ndiyo, kazi hapana. Betri ya gari ina plati nyembamba nyingi, za kutoa nguvu kubwa sekunde chache injini iwake, kisha ichajiwe papo hapo. Ya kigari ina plati nene za kutoa polepole kwa masaa. Ukiishusha N70 hadi nusu kila siku, haitachukua muda mrefu kufa.

Kusawazisha seli ni nini?

Ni kuchaji kwa makusudi kupita kujaa, ili seli zilizobaki nyuma ziwafikie wenzake. Chaja hupandisha hadi volti 2.6 hivi kwa kila seli, betri zinachemka wazi wazi. Fanya hivyo haidromita ikionyesha tofauti ya zaidi ya 0.030 kati ya seli na seli katika seti iliyochajiwa kikamilifu. Pima kila saa. Namba zikiacha kupanda, simamisha. Chaja nyingi zina kitufe chake au zinafanya zenyewe. Usifanye kwa betri kavu hata kidogo.

Pale kwenye vichwa vya betri kuna unga mweupe na kijani. Una madhara?

Una madhara mengi, na hewa ya bahari inauongeza. Unga ule unapitisha umeme kidogo kidogo kutoka kichwa hadi kichwa, betri inajimaliza ikiwa imesimama. Chini yake nati inalegea. Nati iliyolegea inapata moto kila unapokanyaga mafuta, na risasi ni laini: nimeona kichwa cha betri kimeyeyuka kama mshumaa, kimebaki kishimo.

Weka kitufe cha kigari kwenye alama ya kuvutwa (Tow), kama kipo. Vua pete na saa. Zungushia spana yako utepe wa umeme, ibaki ncha tu, maana spana ikilala kati ya vichwa viwili inalehemu palepale. Changanya bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, vijiko vinne vya chakula kwa lita moja ya maji. Vifuniko viwe vimefungwa kabisa, kwa sababu tone likiingia ndani linaua asidi. Paka, likichemka acha, suuza, kausha. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, usikaze kwa hasira, kisha paka grisi nyembamba.

Suruali uliyovaa siku hiyo iangalie ikifuliwa. Tone la asidi hulioni jioni. Jinzi ikitoka kwenye maji ndipo tundu linapotokea. Likiwa ni jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 zisizopungua, kisha hospitali.

Chumba cha chaji kinanuka yai viza.

Zima umeme ukutani, fungua milango, toka nje. Kuna betri inayochajiwa kupita kiasi au yenye seli iliyokufa. Ikishapoa, tafuta iliyo na joto kuliko wenzake au iliyovimba tumbo. Hiyo haichajiwi tena.

Hata bila harufu, betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, isiyonuka wala kuonekana, na ikifika asilimia 4 ya hewa inalipuka kwa cheche ndogo. Inapanda juu na kukaa chini ya paa. Ninaogopa sana vile vyumba vya kontena la chuma vilivyofungwa kwa sababu ya wezi. Toboa matundu ya juu, pande mbili, yasiyozibika. Na mlinzi asivute sigara humo.

Joto la Dar linazifupishia maisha?

Ndiyo, na huwezi kulikwepa lote. Mafundi wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri karibu nusu. Unachoweza ni kuegesha kivulini, kuchaji usiku badala ya saa nane mchana, na kununua chaja yenye kipima joto. Kwa nyuzi moja juu ya 25, chaja ya volti 48 inapaswa kupunguza volti 0.12. Siku ya nyuzi 32 hiyo ni karibu volti nzima, na chaja isiyojua hilo inachemsha betri zako kila siku.

Nasafiri miezi miwili. Na je, ni kweli betri ikiwekwa juu ya sementi inaisha?

Chaji hadi zijae, jaza maji, tenganisha waya mkuu. Mwachie mtu ufunguo azichaji kila mwezi, mapema zaidi kwenye joto. Sementi haina kosa; maganda ya plastiki ya siku hizi hayapitishi umeme.

Nikienda kununua mpya niangalie nini?

Umri wake. Kampuni nyingi hugonga herufi ya mwezi, A ni Januari, L ni Desemba, na tarakimu ya mwaka. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuganda ndani, hata kama nailoni yake bado inang'aa. Nenda na multimeta yako. Ya volti 6 ikisoma chini ya 6.2, mwambie akuletee nyingine. Ukishazifunga, wiki za kwanza zitumie kwa upole, hazijafikia nguvu zake kamili.

Betri kavu na lithiamu je?

Kavu haihitaji maji, ila inahitaji chaja iliyowekwa kwa ajili yake. Lithiamu ni nyepesi na inadumu, bei yake ya kuanzia ni kubwa, na inataka chaja yake yenyewe. Usichomeke chaja ya risasi kwenye lithiamu.

Zile kuukuu nizipeleke wapi?

Betri moja ya volti 8 ina uzito wa karibu kilo 29, nyingi yake ni risasi, kwa hiyo mnunuzi hatakosekana. Swali ni mnunuzi gani. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasambazia wakazi sumu ya risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa vumbi la kazi hiyohiyo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Mtafute mwenye kibali cha taka hatarishi, uliza NEMC, baraza la taifa la mazingira. Zisafirishe zikiwa wima, vifuniko vimefungwa, asidi ikiwa ndani. Mnunuzi akikuambia umwage asidi mtaroni kwanza ndipo apime uzito, zirudishe stoo utafute mwingine.